Kofia Ngumu ya Siku Moja

Nina leseni ya kuendesha maroli makubwa, na kwa miaka mingi sijavuka gia ya pili. Kazi yangu ni kusogeza. Foleni ya maroli ikitoka mpakani Tunduma ikafika Mpemba, na siku mbaya ikapita Mpemba, dereva aliyetoka Dar es Salaam hana tena nguvu ya kukaa kwenye kibini akingoja gari la mbele litambae hatua kumi. Anataka kuoga, ale ugali wa moto, alale kwenye godoro. Basi ananiachia ufunguo. Naingia, nasogeza hatua kumi, nazima, nangoja, nawasha, nasogeza tena. Jioni likifika mpakani namrudishia mwenyewe, nageuka kwa miguu mpaka mkiani, naanza na la mtu mwingine.

Wasioijua hudhani ni kazi ya kukaa tu. Ni kazi ya kukodolea macho taa za nyuma za roli la mbele kutwa nzima, maana ukizubaa kidogo kuna mjanja atachomeka pua ya gari lake, na hapo utatukanwa kwa Kiswahili, Kinamwanga na Kibemba, vyote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hutazami pembeni. Nimekaa hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Naweza kukuambia tela lipi lina bawaba mbovu na lipi limepakwa rangi upya kuficha kutu, lakini ukiniuliza milima ya upande wa Zambia ina umbo gani, nitabaki kukuna kichwa.

Nilikuwa na tamaa moja tu, na sikuwahi kuisema mbele ya watu kwa sababu ni ya aibu kwa mtu mzima. Nilitaka kuendesha gari, hata mara moja kabla sijafa, bila kitu mbele yangu. Nikanyage mafuta mpaka mguu ugote. Basi.

Mwenye yadi ninayofanyia kazi ni mzee wa Kitanga aliyekuja Tunduma zamani na begi moja, leo maroli yanalala kwake kwa makumi. Yeye ndiye anayeshika funguo za madereva na kuzigawa kwa sisi wasogezaji. Akikukubali unakula, akikukataa unarudi shamba. Kiangazi kimoja aliniita ofisini kwake akaniambia kuna watu wapenda magari, wa Mbeya na wa ng'ambo, wamesawazisha eneo kubwa karibu na Mlowo kwa greda, wamechora barabara ya kuzunguka, na wameweka siku ya mtu kuja kulikimbiza gari lake kwa raha zake. Si mashindano, hakuna kombe. Yeye alikuwa na kigari chake kidogo alichokitengeneza kwa mapenzi miaka ile moyo wake ulipokuwa mzima.

"Mimi daktari ameshanikataza hata ngazi," alisema. "Nenda wewe ukalikimbize. Mimi nitakaa kwenye kiti nikutazame."

Nilishindwa hata kushukuru vizuri. Nilimwamkia mara ya pili.

Sharti lilikuwa moja. Kila dereva aje na kofia yake ngumu, nzima, yenye mkanda wa kidevuni. Bila kofia huingii, hata uwe mkuu wa mkoa. Nilikuwa na wiki mbili.

Kwetu hakinunuliwi kitu cha kuvaa bila mke wangu. Yeye ni Mndali wa Ileje, mchuuzi wa mitumba, na ana mikono ya kuchambua. Anaingiza kidole kwenye kwapa la koti, ananusa, anavuta uzi mmoja, anakuambia koti hilo litaishi misimu mingapi. Nilipomwambia habari ya kofia alicheka mpaka akakaa chini. Mzee mzima, kichwa kimeanza kupata uwanja wa mpira katikati, sasa anataka kwenda kukimbizana na vijana. Halafu akafunga kilemba, akasema twende.

Tulianza kwenye duka la vipuri vya pikipiki pale mjini. Kofia zilikuwa mpya, zimening'inia kwenye misumari, nyekundu na bluu, bado zina nailoni. Mke wangu aliishusha moja, akaipima mkononi, akaibonyeza ubavuni kwa dole gumba. Ikabonyea.

"Hili ni bakuli," alimwambia muuzaji. "Tena bakuli la kunywea uji wa mtoto."

"Mama, askari mwenyewe anaikubali hiyo."

"Atakayeangukia kichwa si askari."

Nilijaribu mbili nikazivua haraka. Nilimwambia zinaziba. Ukitazama mbele, pembeni kote giza. Muuzaji akasema ni mazoea tu, mzee. Tukatoka.

Kesho yake tulivuka kwenda upande wa Nakonde, ambako nguo na viatu vya marobota vinamwagwa chini asubuhi. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizambia aliyeuza kofia za pikipiki na za magari zilizotoka ng'ambo zikiwa zimetumika. Alikuwa amezipanga kwenye turubai kwa mistari. Alimwita mke wangu mayo, akaniita mimi batata, yaani mama na baba kwa heshima ya Kibemba, akatufundisha bila haraka. Kofia nzuri inabana mpaka mashavu yanavimba. Ikikaa kwa raha dukani, barabarani itatoka. Uifunge, utikise kichwa, ngozi ya paji la uso iende nayo. Mkanda uwe wa pete mbili za chuma, si kifungo cha plastiki. Halafu uchungulie ndani, kwenye lile povu gumu jeupe, utafute pale lilipobonyea. Povu lililobonyea limeshafanya kazi yake kwenye kichwa cha mtu mwingine, halifanyi mara ya pili.

Mke wangu aliikuta moja iliyobonyea hivyo. Alipitisha vidole ndani, akauliza, "Aliyekuwa anaivaa hii yuko wapi?"

"Nshishibe, mayo," yule mama alijibu, akatikisa kichwa kwamba hajui. Akaichukua, akaitupa nyuma ya turubai.

Nilivaa ya kwanza nikasema inaziba. Ya pili inaziba. Ya tatu ilikuwa na uwazi mpana kweli mbele, nayo nikasema inaziba, naona kama niko ndani ya bomba. Mama wa Kizambia alianza kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Alinyanyua kofia moja nyeusi, nzito, haina mchubuko.

"Batata, hii ndiyo pana kupita zote. Baada ya hii hakuna ingine."

Niliivaa. Ilikaa vizuri kichwani, mashavu yalivimba kama alivyosema, ngozi ya paji ilikwenda nayo. Na pembeni kote giza vilevile. Nilikasirika. Nilisema hawa Wazungu wanatengeneza kofia za watu wasio na macho.

"Lete," alisema mke wangu. Akafungua kilemba chake, akaivaa, akasimama katikati ya njia na mikono kiunoni. Wapita njia walicheka. Yeye hakucheka.

"Mbona mimi naona? Huku namwona muuza kandambili, huku namwona yule wa mkate. Wote wawili, na sijageuza shingo."

"Una kichwa kidogo wewe."

Aliivua, akampa mwenyewe. Akaja akasimama karibu yangu, nami sikuwa nimevaa chochote wakati huo, kichwa wazi, jua la saa nne. "Baba, tazama mbele. Usigeuke. Nimenyoosha mkono gani?"

Nilitazama mbele. Niliona turubai, kofia, miguu ya mama wa Kizambia. Mke wangu alikuwa anapumua begani kwangu na sikumwona hata kidogo.

"Wa kulia," nilisema.

Mke wangu aliushusha mkono wa kushoto. Mama wa Kizambia aliinama akaanza kupanga kofia ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilitoa hela, nikachukua ile nyeusi, nikatangulia mbele kuelekea mpakani, na kwenye lango nilimgonga mtu begani, akanisonya.

Njiani mke wangu alinihesabia yote, taratibu, sauti yake haikupanda. Beseni la ndizi mbivu nililolikanyaga kwa gurudumu Machi, nikasema yule dada ndiye mzembe. Mwimo wa mlango wa choo ninaougonga kila mara kwa bega. Watu wa kanisani waliomlalamikia kwamba siku hizi mumewe ana maringo, anapita ubavuni mwao haitikii salamu, naye akanitetea kwamba nimechoka tu na kazi. Wala hakunilaumu. Aliomba jambo moja, twende Vwawa hospitali, wakayaangalie macho.

"Baada ya hiyo siku," nilisema.

"Kwa nini baada?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba nimeshasema. Ukweli ni kwamba niliogopa. Daktari akiandika kitu kwenye karatasi, kitu hicho kinakuwa kweli. Na nani atampa ufunguo wa roli mtu wa kushikwa mkono? Sina kazi nyingine ninayoijua. Shamba la kwetu Isansa walishagawana wadogo zangu, kila mmoja ana kahawa yake.

Alipokwenda sokoni asubuhi iliyofuata, nilisimama uani peke yangu, nikanyoosha mikono yote miwili pembeni, nikawa navitikisa vidole na kuileta mikono mbele pole pole mpaka nivione. Vilitokea karibu kabisa, viganja vikiwa kama vya mtu anayetaka kuomba dua. Nilirudia mara tatu nikijiambia nimekosea. Kisha nikaingia ndani nikaivaa ile kofia nyeusi, nikakaa nayo kitandani. Ndani yake kila mtu haoni pembeni, nilijiambia. Ndani yake nitakuwa sawa na wengine.

Siku yenyewe Mlowo kulikuwa na baridi ya kukata masikio na vumbi jekundu. Mzee wa yadi alikuja na kiti chake cha kukunja na blanketi. Mke wangu alisimama pembeni yake, nyuma ya kamba, baada ya kunifunga zipu ya jaketi. Mkaguzi mmoja mwenye fulana ya kung'aa alipita gari kwa gari. Alipofika kwangu aliichukua kofia, akachungulia povu, akavuta zile pete mbili, akanivalisha, akanishika kidevuni akanitikisa kichwa kama anajaribu nazi.

"Hii ni kofia," alisema. "Wote wangekuja na kofia za hivi tungekaa kwa amani."

Nilifurahi kijinga. Aliangalia breki, akaangalia mkanda wa kiti, akaangalia matairi. Kuhusu macho hakuna aliyeuliza.

Tulielezwa bendera. Kwenye kila kona kulikuwa na mtu amesimama ukingoni. Akipunga ya njano, punguza. Akipunga nyekundu, kuna jambo, toka barabarani, ingia kwenye majani, simama hapohapo mpaka uambiwe. Nilisikia kila neno. Nilijiambia nitageuza shingo kila kona, nitawatafuta mmoja mmoja, kwani ni wanne tu, nitawashindwaje watu wanne?

Tuliachiwa kwa kupishana, gari sita. Mzunguko wa kwanza nilifanya kama nilivyoahidi, nikigeuza shingo kushoto, kulia, mmoja, wawili, watatu, wanne. Mbele yangu kulikuwa na gari jeupe na vumbi lake, na nilijikuta nakodolea taa zake za nyuma kama niko Mpemba. Mzunguko wa pili mikono ilianza kulegea. Kigari cha mzee kilikuwa chepesi, ukikigusa kinaitika. Nikaingiza gia ya tatu. Nikaingiza ya nne. Sikuwa nimewahi kuisikia injini yoyote ikiimba hivyo chini ya mguu wangu mwenyewe.

Mzunguko wa tatu, baada ya kona ya pili, vumbi la gari jeupe lilikatika. Nilitazama mbele, hapakuwa na kitu. Hakuna taa, hakuna tela, hakuna mgongo wa mtu. Barabara nyekundu tupu mpaka kwenye tuta la mwisho. Nikakanyaga mafuta mpaka mguu ukagota. Nilipiga kelele ndani ya ile kofia, sijui nilisema nini, machozi yalinitoka. Nataka niseme wazi kwamba sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, wala siku ya ndoa, wala siku alipozaliwa mwanangu wa kwanza, Mungu anisamehe.

Nilipolivuka tuta niliwaona watu. Walikuwa barabarani, saba au wanane, wanasukuma gari lililolala ubavu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kigari kilijipinda, kikateleza, watu wakatawanyika, na mmoja aliyekuwa ameshika kamba ya kuvutia alijikwaa akaanguka chali. Nilisimama. Kati ya bampa na magoti yake angeweza kupita mbuzi.

Nilivua kofia. Ndipo nilipogeuza kichwa, nyuma kabisa, nikaona magari yote manne yaliyobaki yametoka barabarani, yameingia kwenye majani, yamesimama kwa adabu. Gari jeupe lilikuwa la kwanza. Nilikuwa nimelipita. Nilikuwa nimewapita wote, na watu wenye bendera kwenye kona mbili wakipunga na kupiga filimbi. Ile barabara haikuwa tupu kwa ajili yangu. Ilikuwa imefungwa.

Yule wa fulana ya kung'aa alikuja mbio. "Nyekundu mara mbili! Mara mbili, mzee! Hukuiona?"

Mzee wa yadi naye alikuwa amefika, ameacha kiti na blanketi, anahema, mkono kifuani. Nyuma yake mke wangu. Aliyeanguka alikuwa amekaa vumbini, anajipapasa magoti, ananitazama bila hata kutukana.

"Jibu," alisema mzee wa yadi. "Uliiona au hukuiona?"

Huyu ndiye mwenye funguo. Nikisema sikuiona, atauliza kwa nini, na kila jibu litampeleka kwenye jibu jingine, mpaka afike kwenye mikono yangu miwili uani. Nilimtazama usoni. Usoni naona vizuri.

"Niliiona," nilisema.

"Ukaiona, ukapita?"

"Nikapita. Nilikuwa sijamaliza."

Walinipokonya ufunguo. Mtu mmoja alitema mate karibu na kiatu changu, na alikuwa na haki. Mkaguzi alisema kwa maisha yake yote hajaona binadamu mwenye roho mbaya namna ile. Mke wangu aliyasikia yote. Alijua, na angeweza kusema neno moja tu likaniokoa mbele za watu na likaniua kwa njaa. Aliitwaa kofia mkononi mwangu, akaifuta vumbi kwa kanga.

Mzee wa yadi hakuzungumza nami wiki mbili. Wiki ya tatu foleni ilipita Mpemba, wasogezaji hawakutosha, akaniita. Alisema mtu mkaidi anaweza kujirekebisha, akanirushia ufunguo. Lilikuwa tangi la mafuta. Nilipanda.

Vwawa nilikwenda baadaye, mke wangu akinishika kiwiko. Waliyapima macho, wakasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, nitie dawa ya matone ili kilichobaki kiende taratibu. Wakaniuliza kazi yangu, waandike. Nikasema mkulima.

Mke wangu ameacha mitumba. Siku hizi anauza maji ya chupa kwenye foleni, na hauzi popote ila ubavuni mwa roli ninalosogeza mimi. Anatembea nalo hatua kwa hatua, ndoo kichwani, kutoka mkiani hadi mpakani. Mtu akikaribia gurudumu anaupiga mlango kwa kiganja, nami nasimama. Wenzangu wanamtania kwamba ana wivu, anamlinda mumewe. Anacheka nao. Wiki iliyopita alipiga mlango kwa viganja vyote viwili, akipiga ukunga, na nilipochungulia dirishani alikuwa amemkumbatia mtoto wa mtu, mzima, aliyemvuta mbele ya gurudumu, chupa zote za maji zimetapakaa chini. Aliinua uso kunitazama, kisha akanipungia mkono niendelee kusogea, maana gari la mbele lilikuwa limeshaondoka.